Ala ndogo ya muziki badala ya simu usiku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Lamu

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Langoni, Mkomani na Shela, na wengine walioko Malindi, ambao wamechoka kumaliza usiku wakitelezesha kidole juu ya kioo. Wanataka kifaa cha kupigia muziki chenye vitufe vya kubonyeza, kisichohitaji intaneti na kisichowafilisi. Nimejibu kwa kuangalia hali yetu: hewa ya chumvi, umeme unaokatika, nyumba zilizopakana ukuta kwa ukuta, na mfuko wa kawaida.

Kwa nini ninunue ala? Si naweza kuizima simu tu?

Ukiweza, izime, na pesa yako itumie kwa jambo jingine. Wengi hawawezi, na si kwa kukosa nia. Baada ya Isha mtu ameshakula, watoto wamelala, ameketi, na mkono unatafuta kazi. Ukimwambia asishike simu bila kumpa kitu kingine cha kushika, saa tatu haitafika kabla hajairudia. Ala ndogo inashughulisha mkono, sikio na akili kwa pamoja. Ukiiweka chini, hakuna ujumbe utakaolia kukuita urudi.

Redio nayo ni kitu kizuri na siipingi. Lakini ukisikiliza redio mkono unabaki mtupu, na wengi husikiliza huku wanaperuzi. Ndiyo maana hapa nazungumzia ala za kupiga.

Ni kweli mwanga wa skrini unaharibu usingizi, au ni maneno ya watu?

Ni kweli, ila ukubwa wake hutiwa chumvi. Ndani ya jicho zipo seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga, nazo huathiriwa zaidi na mwanga wa buluu. Zikiupata usiku, mwili hudhani bado mchana na huchelewa kutoa melatonini, homoni inayotuandaa kulala. Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston walichapisha matokeo ya jaribio la watu 12. Kwa siku tano mfululizo walisoma kitabu kwenye kompyuta kibao kwa saa 4 kabla ya kulala, na kwa siku nyingine tano wakasoma kitabu cha karatasi. Walipotumia kioo walichelewa kupata usingizi kwa karibu dakika 10, na melatonini yao ilichelewa kwa takriban saa moja na nusu.

Watu 12 ni wachache, na saa 4 za mwanga mkali si usiku wa kila mtu. Kwa maoni yangu kinachotukesha zaidi ni yaliyomo ndani ya simu: kikundi cha ukoo kwenye WhatsApp, video inayoleta nyingine, habari mbaya ya saa tano usiku. Kupunguza mwanga wa kioo hakuyaondoi hayo.

Nitajuaje kama ala hii haitanirudisha kwenye simu?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kubwa hata kuliko bei. Zipo ala nyingi nzuri ambazo kazi zake nusu zimefichwa ndani ya programu ya simu. Ukitaka kubadilisha sauti, fungua programu. Ukitaka kupakia sauti mpya, fungua programu. Na simu ikishafunguliwa, unajua mwenyewe mtakapoishia.

Chukua mfano wa Korg Volca Sample ya mwaka 2014. Ni ala nzuri sana, lakini haina maikrofoni. Kuiingizia sauti zako mwenyewe kulitegemea programu ya iPhone. Toleo la mwaka 2020 liliongezewa tundu la USB, lakini sasa ni kompyuta inayohitajika. Linganisha na PO-33 ya Teenage Engineering, iliyotoka mwaka 2018: ina maikrofoni yake ndani, unabonyeza kitufe, unanasa sauti, na papo hapo inapigika. Haijui simu ni nini.

Kwa hiyo muulize muuzaji: je, naweza kuiwasha, kutunga kitu na kukihifadhi bila simu wala kompyuta? Akisita, endelea kutafuta. Kisha uliza kama inatumia mawe au ina betri ya ndani, na kama ina spika yake na tundu la hedifoni. Ala inayohitaji spika ya nje, waya mbili na soketi ya ukutani ndipo itoe mlio, utaipiga wiki ya kwanza tu. Ukichoka na kazi za mchana, hutakuwa na hamu ya kuunganisha nyaya.

Mfuko wangu ni mdogo. Nianzie wapi?

Nitataja bei za baadhi ya ala hizi zilipotoka, kwa dola. Bei za leo madukani hutofautiana, na shilingi utaipiga hesabu mwenyewe kwa kima cha siku hiyo.

Kwa anayetaka funguo kama za kinanda, Yamaha PSS-F30 ingekuwa chaguo langu la kwanza. Ina funguo 37 ndogo, inakwenda kwa mawe manne ya AA au kwa waya wa USB, ina spika, tundu la hedifoni, na midundo ya kukusindikiza. Watu huidharau kwa kuwa inafanana na cha kuchezea watoto. Wasikudanganye: ukijifunza nyimbo tatu kwenye kinanda hiki, umejifunza nyimbo tatu. Vinanda vidogo vya Casio vilivyotumika navyo vinafaa, na huonekana mara nyingi zaidi kwa mtu anayeuza vitu vya nyumbani.

Kwa anayetaka kutunga midundo, familia ya Pocket Operator ya Teenage Engineering, ambamo PO-33 imo, ilianza mwaka 2015 kwa dola 59 kila moja. Ni ubao mdogo unaoenea kiganjani, mawe mawili ya AAA, spika nyuma, vitufe 16 vya kupigia na vingine vichache. Kioo chake hakina taa ndani, kwa hiyo hakikumuliki usoni. Utahitaji taa ya chumbani au kandili kukisoma.

Juu yake kidogo ziko Korg Volca, zilizoanza mwaka 2013 kwa karibu dola 150. Volca Beats ni mashini ya ngoma, Volca Keys na Volca Bass ni sinthesaiza, yaani ala zinazounda sauti kwa umeme. Zinatumia mawe sita ya AA na zina spika. Baada ya hapo Roland walileta AIRA Compact mwaka 2022, kwa takriban dola 200, zenye betri ya ndani ya kuchaji kwa USB-C. Ukipanda zaidi ya hapo, kama Novation Circuit Tracks ya mwaka 2021, umeshatoka kwenye bei nafuu. Hiyo mtu anunue akishajua kwamba jambo hili amelipenda.

Kama pesa haitoshi hata kwa ya kwanza, usikope. Azima kinanda kwa jirani kwa mwezi mmoja uone kama mkono unakipenda.

Sijui kupiga chochote. Je, nitaweza?

Ndiyo. Mashini ya ngoma haidai vidole vya fundi. Ina vitufe 16 kwa safu, kila kimoja ni hatua. Unachowasha kinalia zamu yake ikifika, kisha duara linaanza upya. Dakika ya kwanza utakuwa umetengeneza mdundo. Kinanda kinadai subira zaidi, lakini aliyesoma madrasa anajua maana ya kurudia mstari mmoja mpaka ukae.

Nataka kupiga chakacha, lakini kila nikijaribu mdundo unatoka wa disko. Kwa nini?

Nalipenda swali hili, kwa sababu jibu lake liko ndani ya mashini yenyewe. Hatua 16 zimepangwa kwa muziki wa pigo nne, kila pigo limegawanywa mara nne. Chakacha na ngoma zetu nyingi za pwani hugawanya pigo mara tatu. Ukiulazimisha mdundo wa tatu ndani ya duara la 16, mwisho wa duara haukutani na mwanzo na ngoma inajikwaa.

Dawa ni kulifupisha duara liwe la hatua 12. Kwenye Volca kuna kazi iliyoandikwa Active Step: unazima hatua nne za mwisho, na duara linarudi mwanzo baada ya 12. Roland T-8 (mashini ya ngoma ya AIRA Compact) na Circuit nazo zinakuruhusu kuchagua hatua ya mwisho. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza: urefu wa duara unabadilika? Mtu wa Ulaya anayetunga tekno anaweza asiulize hilo maisha yake yote. Sisi ni lazima tuulize.

Ukishapata duara la 12, weka ngoma nzito kwenye hatua ya 1, 4, 7 na 10. Halafu chagua sauti nyembamba, ya kijiti au ya kengele, uiweke kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Iache izunguke taratibu. Mkono mmoja unahesabu mapigo manne, mwingine unahesabu sita, na yanakutana hatua ya 1 na ya 7 tu. Hapo kiuno kinaanza kuelewa kabla ya kichwa. Hiyo bado haijawa chakacha kamili. Ni kiunzi chake. Ondoa pigo moja moja, sogeza jingine, na usikilize. Mtu aliyekulia kwenye harusi za hapa atajua lini limekaa sawa, bila kufundishwa na mtu.

Na maqamu za taarab? Kinanda kitazitoa?

Kwa sehemu. Vinanda hivi vya bei nafuu vina sauti 12 katika oktavi (kutoka sauti moja hadi pacha wake wa juu), zilizogawanywa sawasawa. Maqamu, yaani ngazi za sauti, kama Bayati na Rast zina sauti zinazokaa katikati ya funguo mbili, zile robo toni ambazo kidole huzipata kwenye udi au fidla kwa sababu hakuna kinachokizuia. Vipo vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu vyenye uwezo wa kushusha sauti kwa robo, lakini bei yake haimo katika mazungumzo haya. Maqamu ya Nahawandi na Ajamu hutoka vizuri kwenye kinanda cha kawaida, anzia hapo.

Njia nyingine ni kunasa. Ala inayonasa sauti haijali kama sauti iko ndani ya zile 12. Mwombe mpiga udi akupigie kipande cha sekunde nne, kinase kwenye PO-33, ukigawanye vipande, na robo toni zake zitabaki kama alivyozipiga. PO-33 ina nafasi ya sekunde 40 kwa jumla, nafasi ndogo inayokufundisha kuchagua. Pembe za vugo zikigongwa kwa kijiti zinanaswa vizuri ajabu: mlio mkavu, mfupi, unaokata. Ukishazinasa, una mashini ya ngoma ambayo haipatikani dukani popote. Waombe ruhusa akina mama kabla ya kunasa ngoma yao.

Basi si bora ninunue udi?

Kama una mwalimu karibu na subira ya miaka, nunua udi na usitazame nyuma. Lakini udi hauna hedifoni.

Nyumba yetu ni ya ghorofa na jirani anasikia kila kitu. Nifanyeje?

Hedifoni ya waya. Sisitiza waya: hedifoni za bluetooth huchelewesha sauti kidogo. Ukisikiliza wimbo hutambui, lakini ukipiga mwenyewe, kidole kinagonga sasa na sauti inakuja baadaye, na mdundo unakukimbia. Tundu la ala nyingi hizi ni la milimita 3.5, sawa na la simu za zamani, kwa hiyo hedifoni iliyolala kabatini itafaa. Anza na sauti ya chini kabisa kabla ya kuivaa. Mashini ya ngoma inaweza kukupiga sikio ghafla.

Wazee nyumbani hawapendi ala za muziki. Niseme nini?

Usianze kwa kubishana. Hukumu ya ala waulize wanazuoni unaowaamini. Si kazi ya ukurasa huu. Ninachoweza kusema ni adabu ya kukaa pamoja. Adhana ikisikika, zima kabisa, usipunguze tu. Iweke ala pembeni mpaka Isha iishe, na usiku wa Ramadhani upe nafasi yake. Usipige barazani au dakani wakati wazee wapo isipokuwa wamekuita. Na mweleze mzee ukweli: "Babu, nataka kuacha simu usiku." Wazee wengi wana ugomvi mkubwa zaidi na simu.

Hewa ya chumvi itaiharibu?

Itaiharibu usipoitunza, na Shela kwenye upepo wa pwani itaiharibu upesi zaidi. Unyevu wenye chumvi hukaa kwenye vyuma vidogo: miguu ya betri, matundu, vitufe. Pocket Operator ni ubao ulio wazi, vyuma vyake vyote nje. Huku kwetu nunua na gamba lake la silikoni, usibahatishe. Usiku ukimaliza, iweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usiiache dirishani wakati wa kusi.

Ukikaa wiki bila kuipiga, toa mawe. Mawe yanayovuja ndiyo yanayoua ala nyingi hapa kuliko kuanguka. Ukikuta unga mweupe kwenye miguu ya betri, chovya pamba kwenye siki au maji ya ndimu kidogo, sugua taratibu, futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa kabla ya kuweka mawe mapya. Usimwage maji ya aina yoyote juu ya ubao.

Betri, umeme na adapta: nizingatie nini?

Nunua mawe ya kuchaji, aina ya NiMH, na chaja yake. Bei inauma siku ya kwanza, lakini Volca inakula mawe sita kwa takriban saa 10 za kupiga, na mawe ya kutupa yatakumaliza. Ya kuchaji yana volti 1.2 badala ya 1.5; ala nyingi zinayakubali, soma kijitabu chake. Ala ya USB unaweza kuilisha kwa pawabenki umeme ukikatika, ila baadhi ya pawabenki hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo mno. Jaribu yako kwanza.

Adapta ndiyo hatari. Volca inataka volti 9 na chanya iwe katikati ya plagi. Adapta nyingi za pedali za gitaa zina volti 9 vilevile, lakini hasi iko katikati. Zinaingia tundu, hazifai. Tazama mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa uliochapwa karibu na tundu, ufanane na ule wa kwenye adapta. Na adapta iliyotoka Marekani isome: ikiandikwa volti 120 peke yake, usiichomeke kwenye 240 yetu.

Nipate wapi, na itafikaje kisiwani?

Madukani Lamu hutapata kitu zaidi ya vinanda vidogo, ukibahatika. Mombasa na Nairobi kuna maduka ya ala. Mtaa wa Luthuli jijini Nairobi una vifaa vya umeme vya kila namna. Ukiagiza ng'ambo, kumbuka bei ya tovuti si bei ya mlangoni: kuna usafiri, ushuru wa forodha, na VAT ya 16%. Mzigo wa bara huja kwa basi mpaka Mokowe kisha boti, kwa hiyo omba ufungwe kwa plastiki ndani ya boksi. Maji yakirukia boti, boksi la karatasi peke yake haliwezi kitu.

Kwa kilichotumika, usitume M-Pesa kabla ya kukiona au kuwa na mtu wako aliyekishika. Fungua mlango wa betri kwanza, hapo ndipo ukweli ulipo: kijani au unga mweupe ni bei ya kupungua sana, au kuondoka. Bonyeza kila kitufe, si vitatu. Zungusha kila kifundo taratibu ukisikiliza mkwaruzo. Chomeka hedifoni, uichezeshe plagi. Sauti ikikatika upande mmoja, tundu limelegea.

Simu ni saa yangu ya kuamkia Alfajiri. Nitaiacha vipi nje ya chumba?

Pocket Operator zina saa na kengele ya kuamsha ndani yake. Iweke kando ya kitanda, simu ilale sebuleni. Kama ulinunua ala nyingine, saa ndogo ya mezani kutoka Langoni inatosha. Kuitoa simu chumbani kunasaidia hata usiku ambao hukupiga chochote.

Je, ala yenyewe haitanikesha?

Inaweza. Kutunga kunasisimua, na saa sita ya usiku huja kimyakimya. Weka ukomo kwa saa ya mezani, na nusu saa ya mwisho piga kitu cha polepole ulichokijua tayari, usianze kipya. Kila ukiona umelala ukichelewa kuliko siku za simu, sogeza muda wa kupiga uwe kati ya chakula na kulala kwa watoto.

Mwanangu naye anataka. Tununue mbili?

Nunueni moja na kigawanyio cha hedifoni, msikie pamoja. Mkiona mnagombania, hapo ongezeni ya pili ya aina nyingine: Pocket Operator na Volca huunganishwa kwa waya wa milimita 3.5 na kwenda kwa mwendo mmoja. Mmoja anashika ngoma, mwingine anashika sauti, kisha mnabadilishana. Mtoto mpe ngoma kwanza, na mwache avuruge.